Nahodha Aliyezima Maiki

Kazi yake ilikuwa kusaga lenzi. Kutwa alikaa nyuma ya duka la miwani, kwenye chumba chenye dirisha moja na beseni la maji, akibana kioo kwenye mashine mpaka kilingane na fremu. Kioo kikizidi unywele mmoja hakiingii. Kikipungua unywele mmoja, kitadondoka siku mteja atakapopiga chafya. Kazi ya namna hiyo humfunza mtu kutazama kwanza na kusema baadaye. Ndiyo maana hata kwenye mchezo alijiita Kioo, na ndiyo maana hasira ilipomjia ilimkuta hana mazoea nayo.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa simu. Watu watano hupambana na watano wengine, kila mmoja akiwa kwake, ndani ya mji wa kuchorwa. Kikosi kimoja kinalinda mtambo, kingine kinataka kuulipua. Kikosi chao kiliitwa Siafu. Nahodha alikuwa mdogo wake wa kiume, tumbo moja, nao waliishi nyumba moja na mama yao, chumba kwa chumba, wakitenganishwa na ubao mwembamba tu ambao marehemu baba aliupigilia ili chumba kimoja kiwe viwili. Wengine watatu hakuna aliyewahi kuwaona kwa macho: Radi, mpiga risasi asiyekosa shabaha, Msumari, mtu wa utani, na Kobe, ambaye akisema neno leo, la pili lingoje wiki ijayo.

Kazi ya Kioo ilikuwa kukaa juu ya paa na kuangalia adui anatokea wapi. Akimwona, hugusa ramani, na mshale mwekundu huwaka kwenye simu za wenzake. Hakuwahi kufungua maiki. Nahodha aliwaambia wenzake kwamba Kioo ni jamaa mmoja wa mtaani ambaye simu yake haina sauti, wakaamini, na yeye mwenyewe aliridhia uongo ule. Kwenye kikosi alichochezea zamani aliwahi kusema "habari zenu," neno moja la heri, na yaliyomrudia hakuyasimulia yote hata kwa ndugu yake. Tangu hapo aliziba mdomo. Alilopenda ni mchezo, si kelele zake.

Lakini Siafu walipanda. Wakafika pale ambapo mechi moja tu iliwatenganisha na ligi kubwa, na huko juu watu wana mbio. Mshale unapowaka, adui amekwisha kupita.

Mdogo wake akaja kusimama mlangoni kwake, bado na viatu vya kazini.

"Dada, mshale hautoshi tena. Tunataka sauti."

"Unajua yaliyonipata kule."

"Kule hukuwa na mtu. Hapa nahodha ni nani?" Akajigonga kifua. "Kitufe cha kumtoa mtu ninacho mimi. Mtu akikugusa, nimemtoa. Hapo hapo, dada. Hata awe Radi."

"Hata awe Radi?"

"Hata awe nani."

Hakumjibu siku hiyo. Aliligeuza jambo lile kama anavyogeuza lenzi kwenye mwanga, akitafuta mkwaruzo. Ligi ile aliitaka. Zaidi ya ligi, alitaka jambo dogo ambalo wenzake walilipata bure: kusema "yuko kushoto" kwa kinywa chake na kuaminiwa. Mwishowe akamwambia mdogo wake, "Haya. Neno lako nimelishika."

Mechi ilikuwa Jumapili asubuhi. Mama alikuwa sebuleni anapiga pasi nguo za wiki. Kioo aliketi kitandani, simu mkononi, kifaa kimoja cha sauti sikioni. Sikio la pili aliliacha wazi, maana mama akiita mara mbili bila kuitikiwa, ya tatu huja mwenyewe.

Mtambo ukawashwa. Adui wakaingia.

"Wawili kushoto, nyuma ya tangi," alisema Kioo.

Msumari akapiga yowe la furaha. "Eeh! Nahodha, simu umemwachia shemeji?"

"Ni Kioo," alisema Nahodha. "Chezeni."

"Kioo ni mwanamke?" Hiyo ilikuwa sauti ya Radi, nzito na ya polepole, ya mtu aliyezoea kusubiriwa. "Muda wote huu tunalindwa mgongo na gauni?"

"Mmoja ametoka, anazunguka kisima," alisema Kioo. "Radi, anakuja upande wako."

Radi alimpiga, kwa kuwa alijua ametokea wapi. Kobe akampiga wa pili. Raundi ya kwanza wakashinda, tena kwa raha ambayo hawakuwahi kuionja. Msumari alicheka akasema, "Jamani, kumbe ana macho!" na Kioo, peke yake kitandani, akatabasamu kama mtu aliyepewa kiti kwenye baraza.

Raundi ya pili alimwona adui kabla ya yeyote. Amejibanza pembeni ya mlango wa kulia, ametulia, anangoja.

"Radi, usitoke. Mlango wa kulia kuna mtu."

"Usinipangie."

"Yupo hapo hapo mlangoni. Usitoke."

Radi akatoka. Hakuna sababu nyingine iliyomtoa ila kwamba aliyemkataza ni mwanamke. Akapigwa risasi moja ya kichwa, akaanguka kifudifudi kwenye lami ya kuchorwa, na kwa kuwa kwenye mchezo ule aliyekufa hana kazi nyingine mpaka raundi iishe, ulimi wake ukapata nafasi.

Alianza na jiko. Kwamba arudi huko, sauti yake ni ya kuombea chumvi kwa jirani. Msumari akacheka. Akahamia kwenye mwili wa Kioo ambao hajawahi kuuona, akaueleza kipande kwa kipande kama mchinjaji anayetangaza nyama. Kioo aliendelea na kazi. "Mmoja kisimani. Kobe, mmoja kisimani." Sauti yake ilikuwa imara, ila vidole vilianza kuteleza juu ya kioo cha simu.

Alitazama orodha ya majina pembeni. Mbele ya jina la Nahodha palikuwa na alama ya maiki iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Ameizima. Akajiambia: anatafuta kitufe. Hataki wamsikie anavyohema kwa hasira. Mpe muda. Alikuwa mtu wa kumpa mwenzake muda. Mizani yake haikuwa ya haraka.

Ndipo Radi akamtukana mama. Lilikuwa tusi la nguoni, zito, lililopambwa na kurefushwa, la mtu anayejua kwamba wasikilizaji anao. Mama mwenyewe alikuwa upande wa pili wa mlango, anapuliza nyuzi kwenye kola ya shati.

Na hapo, kwenye lile sikio la wazi, Kioo alisikia kicheko. Hakikutoka kwenye simu, kwa maana simuni nahodha alikuwa kimya. Kilipita kwenye ubao. Kilikuwa kicheko cha puani, cha mtu anayejizuia akashindwa, kisha kikafunguka chote, ha ha ha, na kofi la paja juu yake. Alikijua kicheko kile tangu kikiwa hakina meno.

Hasira haikupanda kama moto. Ilikuja kama maji ya beseni lake, baridi, ikamjaa kuanzia miguuni. Radi alikuwa mpita njia. Mbwa wa mtu akikubwekea humfungulii mashitaka. Lakini huyu! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na yeye alidhani ni maneno ya kufundishia watoto.

Akainuka na simu mkononi, maiki yake wazi, akazunguka ubao akasukuma mlango.

Mdogo wake alikuwa amelala chali, machozi ya kucheka bado kopeni. Alipomwona alikaa wima.

"Ulikuwa unacheka nini?" aliuliza Kioo.

Akamwonyesha kidole mdomoni. Shh. Akaashiria simu ya dada yake: zima, zima maiki.

"Sizimi. Wewe ndiye mwenye kuzima maiki nyumba hii. Nimekuuliza, ulikuwa unacheka nini?"

"Dada, tafadhali, mechi..."

"Mama yetu ametukanwa. Mama mmoja, wangu na wako. Umewaziba wote wasikusikie, halafu ukacheka. Cheka tena basi. Cheka wakusikie."

Kwenye mji wa kuchorwa milio ya bunduki iliendelea. Kisha sauti ya Radi ikaja, imepungua uzito.

"Nahodha? Huyo ni dada yako?"

Mdogo wake hakuwa na pa kukimbilia. Akafungua maiki. "Ndiyo."

"Ah, bwana. Samahani sana, kaka. Wallahi sikujua. Ningejua ni dada yako nisingesema. Nisamehe, nahodha wangu, heshima yako."

Kioo alisubiri. Alisubiri kwa uaminifu kabisa, kama anavyosubiri mteja amalize kusoma herufi za chini ukutani, ili asimdhulumu. Hakuna kilichoongezeka. Samahani ilikuwa imekwisha kutolewa na kupokewa, mwanamume kwa mwanamume, na yeye aliyetukanwa amesimama katikati kama nguzo ya taa.

"Radi," alisema. "Na kama nisingekuwa dada wa mtu?"

Radi akaguna. "Si nimeshaomba msamaha?"

"Umemwomba nani?"

"Mambo ya mchezo haya, sista. Usiyapeleke mbali. Hasira tu za kufa."

"Ulikufa kwa sababu nilikwambia usitoke ukatoka."

Msumari akacheka tena, safari hii kwa woga, akajikatiza mwenyewe njiani. Kobe hakusema kitu. Kioo alimgeukia mdogo wake. "Ulisema hapo hapo. Kitufe kiko wapi?"

"Yamekwisha, dada. Ameomba radhi. Raundi ya tatu inaanza, bila Radi hatuna mtu. Baada ya mechi, haki ya Mungu, baada ya mechi nitaongea naye."

"Hukusema utaongea naye. Ulisema utamtoa."

"Ligi iko hapa!" Akamwonyesha simu kwa mikono miwili, karibu alie. "Si hata wewe unaitaka?"

Aliitaka. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba aliitaka vile vile, na mdogo wake alijua, na alikuwa anamfidia tusi kwa kitu alichokuwa akikitaka yeye mwenyewe. Akagusa skrini. Mtu mdogo wa kuchorwa aliyekuwa juu ya paa akatoweka, na kazi ya kuangalia ikabaki bila mtu.

"Nyie mna nini huko?" Mama alikuwa mlangoni, shati limening'inia mkononi. "Watu wazima mnagombania simu kama pipi."

"Hakuna kitu, mama," alisema mdogo.

"Mwambie ulichokuwa unacheka," alisema Kioo.

"Dada. Nakuomba."

"Mwambie. Mtu amekutaja, mama, na mwanao amecheka. Mimi kinywa changu hakiwezi kulirudia. Alirudie aliyefurahi."

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Akalikunja shati mara mbili, akaliweka kitandani, akakaa kando yake. "Haya. Nasikiliza."

"Ni maneno ya mchezo tu, mama. Watu huko wanataniana."

"Basi nitanie na mimi. Kama ni mchezo, si kila mtu hucheza?"

Uso ulimwiva kijana mpaka masikioni, akainamisha kichwa. Simu ikaendelea kupayuka mapajani mwake: "Nahodha, uko wapi? Wanaingia kulia! Kushoto! Nani anaangalia? Jamani nani anaangalia?" Kisha mlipuko, na mtambo ukaisha.

"Mzaha mzaha, mwanangu," alisema mama taratibu, "hutumbuka usaha." Akachukua shati lake akatoka. Hakumwuliza tena. Hilo lilikuwa zito kuliko kofi.

Walipoteza raundi ile na zilizofuata. Jioni mdogo mtu alikuja kusimama kwenye mlango wa dada yake, safari hii peku.

"Nimemtoa Radi."

Kioo alikuwa anafuta miwani ya mama kwa kitambaa. "Kwa sababu gani?"

"Kwa yale aliyoyasema."

"Yale aliyasema asubuhi. Ulimtoa saa ngapi?"

Akatazama vidole vya miguu yake.

"Ulimtoa mama alipojua. Mama asingesikia, Radi angekuwa anacheza sasa hivi, na mimi ungeniambia nimezidi."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusikia."

"Kusikia siyo kusamehe."

"Siyo," alisema Kioo. Aliinua miwani kwenye taa, akaona alama ya kidole, akaanza kufuta upya. "Nakuchagulia maneno ya kweli tu. Bado nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo kesho nikienda kazini, na kesho kutwa. Usinisukume."

Kijana alisugua unyayo wake kwenye sakafu. "Kobe ameniandikia. Anauliza kama utarudi. Anasema alisikia akanyamaza, na aibu imemshika."

"Mwambie aibu yake ina mdomo, aje aniambie mwenyewe. Jina langu analijua."

"Na kurudi?"

"Nitacheza. Tena nitasema, kwa sauti hii hii." Akaiweka miwani juu ya meza. "Ila si kwenye kikosi chako."

Mdogo wake akarudi upande wake wa ubao. Kioo aliwasha simu, akaingia kwenye mji wa kuchorwa, kikosi cha watu asiowajua hata mmoja, akapanda juu ya paa na kufungua maiki kabla mtambo haujawashwa.

"Mimi ndiye macho leo," alisema. "Wa kuniamini na aniamini. Wa kutukana aanze sasa hivi, nijue wa kutoka ni yeye au ni mimi."

Akasubiri wamjibu.