Picha ya Meza ya Corbin

Etelka Vermes alikuwa Mhungari, mpiga picha, na kwa miaka sita usiku wa Paris ndio uliompa kula. Aliwapiga picha makahaba wakivuta soksi, wazoa taka, walevi waliolala chini ya madaraja. Hao hawakumtia kinyaa. Kinyaa alikipata alipokaribishwa na wasanii.

Jamaa hao walikutana mtaa wa Montparnasse, mkahawani kwa Basile, kwenye meza ya mchongaji Anselme Corbin. Walikuwepo wachoraji, mshairi mmoja aitwaye Thibaut aliyeshona viraka kwenye koti lisilo na tundu, na matajiri waliokuja kunusa usanii. Etelka aliwapiga picha, magazeti yakazigombania.

Jioni moja ya Januari akaingia Léocadie. Zamani alikuwa mwimbaji, na wanaume walimsubiri mlangoni na mashada. Sasa alibaki na meno manne na koti la kiume, akipitisha maua mezani.

"Karibu, Malkia," Corbin akamwita. "Tuimbie ule wa baharia."

"Sauti imekwenda, mwanangu. Nunua maua."

"Maua siyali. Imba nikupe chaza."

Akaimba. Sauti ilimkatikia katikati, akakohoa, akaendelea. Alipomaliza, Corbin alichokoa chaza kutoka kwenye gamba lake, lakini hakumpa mkononi. Alimrushia. Ule mnofu ukampiga kifuani na kuteleza kwenye koti kama kamasi. Meza nzima ikaangua kicheko.

"Tanua mdomo, bibi," Thibaut akasema, akiwa na wa pili mkononi.

Léocadie akatanua. Alikuwa na njaa.

 Etelka aligeuza kamera, akamwacha yule mama nje ya picha, akailenga meza: midomo iliyo wazi, ndevu zinazochuruzika maji ya chaza, ulimi wa Thibaut umetoka nje. Akawasha taa ya kamera, akapiga.

Baadaye alimfuata Léocadie barabarani, akanunua supu mabakuli mawili. Yule mama alikunywa haraka, kisha akamwonya.

"Usinihurumie mbele yao, binti. Wakikuona, wataona haya. Wakiona haya, hawatanirushia tena."

Etelka hakuweza kumaliza bakuli lake.

Aliposafisha ile picha, alijua ameshawamaliza. Hakuna mtu ambaye angeiona sura yake vile akathubutu kutoka nje. Machi alifanya maonyesho, akaikuza ikawa kubwa kama mlango, akaitundika peke yake ukutani. Kisha akamngoja Corbin.

Corbin alikuja na meza yake nzima. Akaisogelea picha, akavua kofia, na Etelka akadhani moyo wake wa jiwe umepasuka.

"Etelka," akasema kwa upole, "hujawahi kufanya kazi nzuri kama hii. Tumekuwa mashetani kabisa."

"Mimi ndiye shetani zaidi," Thibaut akadakia. "Hebu tazama huo ulimi."

"Ulimi kitu gani? Angalia ndevu zangu."

Wakabishana nani ametisha kuliko mwenzake. Corbin akataka kuinunua aitundike sebuleni.

"Yule bibi hayumo?" akauliza.

"Hayumo."

"Afadhali. Angeiharibu."

Etelka akasema haiuzwi. Mwenye ukumbi akamvuta pembeni.

"Usilete utoto, dada. Mkataba unasema mimi ndiye ninayeuza. Na nimeshauza."

Etelka alikwenda uani akatapika kando ya mapipa. Nyumbani akavunja kioo cha negativu kilichotoa ile picha, akakisaga kwa kisigino, lakini ile kubwa ilikuwa tayari kwenye gari la Corbin. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa Basile. Usiku wake aliuhamishia sokoni, kwa wachinjaji waliobeba nusu ng'ombe mabegani. Kule, alisema, damu hunuka damu.

Mwezi Juni alikutana na Léocadie kituo cha treni. Alikuwa amenenepa kidogo, amechangamka.

"Nilikuwa nakutafuta nikushukuru," akasema. "Sasa Corbin ananiita nyumbani kwake kila Ijumaa. Wageni wake wanakaa chini ya picha yako, wananirushia, na mmoja anawaelekeza namna ya kucheka ili wafanane nayo. Mwanzoni walitumia chaza. Sasa wanatumia chochote."

Treni ikaingia. Léocadie akambusu mashavu yote mawili, akapanda. Etelka alibaki pale pale, akijifuta uso kwa mkono wa koti.