Barafu za Chini za Mama Queen

Renatha hakuwa mtu wa makelele. Alipoudhiwa alinyamaza, na waliomfahamu tangu Bukoba walijua kwamba kimya chake ndicho cha kuogopa. Tangu mwanawe Muganyizi aporomoke kwenye mawe nyuma ya shule akavunjika nyonga, Renatha alikuwa kimya. Majirani zake wa Kirumba walidhani amemwachia Mungu. Wapi. Alikuwa anasubiri.

Mbaya wake alimjua. Ni Odeta, Mama Queen, jirani yake wa karibu na mwanajumuiya mwenzake wa kanisani, aliyesali naye kila Jumamosi asubuhi. Odeta aliuza barafu za ukwaju na ubuyu, zile za kwenye vifuko vyembamba, na wanafunzi walijazana dirishani kwake wakati wa mapumziko. Akina mama walimsifu, wakisema afadhali mtoto ale barafu kuliko kuzurura vijiweni. Kumbe friza lake lilikuwa na barafu za aina mbili. Za juu zilikuwa za kila mtu. Za chini zilikuwa za wale wa sekondari waliojua kuziomba kwa jina hilo, nazo zilichanganywa na gongo, ile pombe haramu ya kienyeji. Ukwaju mkali uliificha harufu vizuri tu.

Siku ile Muganyizi alikula za chini mpaka akajiona ndege, akapanda mawe kushindana na wenzake kuruka. Alikuwa kidato cha pili. Sasa anatembea kwa mkongojo, na ndoto zake za mpira zimeishia kwenye kuwatazama wenzake wakipita na viatu begani.

Ndani ya begi la mwanawe Renatha alikuta barafu mbili zimebaki. Akazitupia kwenye friza pamoja na samaki wake wa biashara aliowanunua soko la Mwaloni. Kesho yake samaki walikuwa wagumu kama matofali, na zile barafu zimelegea vilevile, maana pombe haigandi upesi. Hapo Muganyizi akasema yote, uso ameugeuzia ukutani.

Renatha alianza kwa njia za kistaarabu, asije akasemwa. Alimwita mwenyekiti wa mtaa, akaja, friza la Odeta likafunguliwa, zikakutwa za ukwaju mtupu. Za chini zilikwishahamishwa. Akalipeleka neno kwenye jumuiya, mbele ya Mzee Clavery aliyekuwa kiongozi wao. Odeta hakupepesa hata jicho.

"Barafu zangu hizi?" alisema, mkono kifuani. "Hata Queen wangu anazila. Mimi nimpe mwanangu wa kumzaa kitu kibaya, jamani?"

Wanawake wakatikisa vichwa wakimhurumia. Mzee Clavery akaomba amani, akawashikisha mikono. Kati ya yote aliyotendewa, mkono ule wa Odeta ndio uliomchoma Renatha zaidi, maana ulikuwa laini na wala haukutetemeka. Alirudi nyumbani na lile neno la Odeta: hata Queen wangu anazila. Akalitia moyoni, akalitunza kama alivyozitunza zile barafu mbili chini ya samaki.

Basi Queen akafikia kupewa kipaimara. Ni binti wa miaka kumi na minne, mpole, anayesalimia mpaka watoto wenzake. Odeta aliandaa sherehe ya kufa mtu: turubai, muziki, keki ya ghorofa, na mshereheshaji mwenye mdomo, Yeremia. Jumuiya nayo ilipangiwa zamu yake ya kumtunza mtoto zawadi, na Renatha akajitolea kuongoza msafara wa akina mama.

"Mama Muganyizi, Mungu akubariki kwa moyo huo wa kusamehe," Mzee Clavery alimwambia.

"Amina, mzee," Renatha alijibu, na moyoni hakukuwa na hata chembe ya msamaha.

Misa ikaisha, watu wakala, keki ikakatwa. Odeta akamlisha mwanawe kipande, na Queen naye akamlisha mama yake, vigelegele vikapaa. Kisha jumuiya ikaitwa. Renatha akatangulia akicheza taratibu, mikononi amebeba deli lenye mfuniko, la kuhifadhia barafu, alilolifunga kitenge kipya. Wenzake nyuma wana mabeseni na blanketi. Alipofika mbele akaomba kipaza sauti.

"Mimi sina makubwa," alisema. "Nimemletea Queen kitu ambacho mama yake alituambia kwenye jumuiya kwamba mtoto anakila. Ni barafu za Mama Queen mwenyewe. Zile za chini. Zilibaki kwenye begi la mwanangu siku alipoanguka. Namwomba mama amlishe mwanawe, kama alivyomlisha keki."

Nyuma, kwenye viti vya wanafunzi, mtu alicheka, akajiziba mdomo. Wageni wasiojua kitu walipiga makofi. Waliojua waliinamisha macho kwenye sahani.

Renatha alikwishayapima yote. Odeta akikataa, amekiri mbele ya katekista, ukoo na mtaa. Akikubali, atamlewesha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe siku ya kipaimara. Kote kote ameumbuka. Kwa wazo hilo Renatha alikuwa amelala usingizi mnono kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Alimkabidhi Odeta kifuko kimoja. Odeta alikishika kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Alisogea, akanong'ona, "Renatha, naomba. Usinifanyie hivi leo, mbele ya watu."

"Na kwa Muganyizi wangu, uliniomba ruhusa?" Renatha alimjibu kwa sauti ileile ya chini, huku akitabasamu kwa ajili ya picha.

Odeta aliwatazama wageni. Alimtazama katekista. Ilibaki atamke neno moja tu, kwamba mtoto asile, lakini neno hilo lingeiangusha heshima yake yote, naye hakuwa tayari. Mkono ukabaki hewani, kifuko kikitoa jasho.

"Lete tu, mama," alisema Queen.

Akakichukua. Akaking'ata pembeni kwa jino la ndani, akatema kile kijiplastiki bila kutazama kilipoangukia, akakikamua kwa vidole viwili kutoka chini kwenda juu. Kilikwisha kabla mama yake hajaushusha mkono. Hakukunja uso. Hakukohoa.

Yeremia, ambaye kazi yake ilikuwa kumfanya kila mtoto ashukuru, alimsogezea kipaza sauti mdomoni. "Mwambie mama mkubwa asante."

"Asante, mama mkubwa," Queen alisema kwa adabu zake zote. Kisha akamgeukia mama yake, kipaza sauti bado kiko palepale. "Ila mama, hii mbona dhaifu? Za kwenye friza letu ni kali kuliko hii."

Turubai zima lilisikia. Odeta alitafuta kiti nyuma yake, hakukipata, akakaa chini kwenye zulia na gauni lake jipya. Uso wake ukasawijika kabisa. Ndio uso ambao Renatha alikuwa ameuota kwa miezi yote ile, na aliutazama mpaka akashiba, na tusidanganyane, ulikuwa mtamu.

Ndipo akasikia deli likivutwa mikononi mwake. Queen alikuwa amekwishaupitisha mkono chini ya kitenge.

"Na ile nyingine, mama mkubwa? Si umesema ni zangu?"

Macho ya mtoto yalikuwa yamechangamka kwa namna ambayo Renatha aliwahi kuiona nyumbani kwake, kwa Muganyizi, akadhani ni furaha ya ujana. Akaubana mfuniko kwa mikono yote miwili. Akamtazama Odeta pale chini, akimsubiri amkataze mwanawe. Odeta hakuinua uso.

Queen akavuta tena, kwa nguvu zaidi, na Renatha akalikumbatia deli kifuani asijue ataliachia vipi.