Nyota Isiyo na Cheti

Usiku wa jana niliota ugomvi umeanza bila mimi.

"Mtoto hana cheti kwa sababu nyinyi—"

"Sisi nani? Mimi nilisikia! Sikio langu hili lina upana wa mita ishirini—"

"—kwa sababu nyinyi mko huko chini mnakula tu!"

"Nilisikia, nikapeleka, ikafutwa! Muulize huyo mwenye kandambili!"

Mwenye kandambili ni mimi.

Niko kwenye ofisi ya kusajili vizazi na vifo. Nimeshika namba ya foleni: milioni nne na sita. Wanaogombana ni wawili. Mmoja ni Dishi, lile dishi letu kubwa la kusikilizia nyota, nililolifanyia kazi chuoni kabla sijaiacha shahada njiani. Wa pili ni mkunga, ambaye ni wingu la vumbi lililojifunga leso kiunoni. Amepakata kichanga. Kichanga chenyewe ni nyota. Kinang'aa mpaka karani amevaa miwani ya jua, lakini chai yake anakunywa vilevile.

"Alizaliwa lini?" karani anauliza.

"Jumatano," anasema mkunga. "Maji yalipiga kelele ulimwengu mzima, we bwana hukusikia?"

Hili la maji ni kweli, si la ndotoni. Pale nyota zinapozaliwa pana mvuke wa maji, na mvuke huo unatoa mawimbi ya redio. Siku nyingi unanong'ona tu. Halafu siku moja, bila taarifa, unalipuka kwa kelele, kisha unanyamaza. Mimi na Dakta Kadzo, mama aliyekuwa ananisimamia, kazi yetu ilikuwa kuelekeza dishi palepale kila Jumatano mchana na kuingoja kelele hiyo. Tuliingoja miaka mitatu.

Karani anafungua daftari. Jumatatu ipo. Jumanne ipo. Alhamisi ipo. Kwenye Jumatano pana tundu, na tunduni inatoka harufu ya maharage.

"Hapa pamefutwa," anasema. "Bila Jumatano huyu hajazaliwa. Na asiyezaliwa haruhusiwi kuwaka. Saa kumi nikifunga ofisi, namzima."

Naangalia saa ya ukutani. Tisa na nusu.

Kichanga kinanishika kidole. Kinaniunguza kidogo, lakini siutoi mkono.

"Aliyefuta aseme," mkunga anasema, ananitazama. "Akasemee mbele ya maji."

Nageuka nitoroke mlangoni. Mlango haupo, ofisi nayo haipo. Niko katikati ya mvuke, na mbele yangu kuna rafu mbili ndefu zisizo na mwisho. Rafu ya juu wamekaa chembe za maji, wananing'iniza miguu, wanatetemeka kwa joto la mtoto. Msimamizi wao ana filimbi.

"Sheria ni moja," ananiambia. "Nong'ona neno. Wa kwanza atalirudia na kurukia rafu ya chini. Wa pili hivyo hivyo, sauti ileile, na wengine wote. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Likitokea upande wa pili, kila penye dishi watalisikia."

"Kila mahali?"

"Na Dakta Kadzo. Yuko mwisho wa foleni, amevaa hedifoni."

Huyo mama namkwepa mwaka wa pili sasa. Namba yake nimeizuia kwenye simu.

Basi nikafanya ninachofanya siku zote nikibanwa. Nikaleta utani. Nikanong'ona, "Ilikuwa maikrowevu."

"Ilikuwa maikrowevu," anasema wa kwanza, anaruka. "Ilikuwa maikrowevu," wa pili, anaruka. Wakawa kumi, wakawa elfu, wakawa sijui wangapi, na kelele ikanivua kandambili moja.

Halafu maikrowevu yenyewe ikafika. Ile ya kantini yetu, mlango umefungwa kwa selotepu. Inajikokota kwa waya wake.

"Nani kanitaja?"

"Huyu," wakasema chembe wote.

"Wewe Bwika huna haya? Jumatano ile mimi nilikuwa maiti! Plagi yangu haikuwa na fyuzi. Hebu waambie fyuzi ilikwenda wapi."

Nikaficha mikono mgongoni.

Jumatano ile asubuhi nilichomoa fyuzi ya maikrowevu. Utani tu, nione watu wakila maharage ya baridi. Mchana, mstari kwenye skrini ukapanda mpaka ukagonga juu. Dakta Kadzo akaruka kitini: "Nani anapasha chakula? Si nimesema mitambo hii imezeeka, maikrowevu ikiwaka inashtuka?" Nikisema maikrowevu haiwaki, nimejitaja. Nikajibu, "Ni mimi Dakta, nimeweka maharage, samahani." Nikafuta kipimo chote. Fyuzi nikaitupa chooni, nikavuta maji.

Siku tatu baadaye madishi ya nchi nyingine yakatangaza: maji yamelipuka Jumatano, palepale tulipoelekeza dishi letu. Dakta akaniita. "Bwika, una hakika ulikuwa unapasha?"

"Maharage, Dakta."

Akaandika kwenye ripoti, kwa jina lake, kwamba siku ile dishi letu lilisikia maharage. Wakamcheka, wakampunguzia saa za dishi. Mimi nikaacha chuo wiki ileile.

Sasa ni saa kumi kasoro dakika moja. Karani katokea kwenye mvuke, kidole kiko kwenye swichi ya kumzimia mtoto.

Nikainama sikioni mwa chembe wa kwanza. Nikanong'ona.

"Nilidanganya. Fyuzi niliichomoa mimi. Jumatano ilikuwa ya kweli."

Akarudia, akaruka. Akaruka na mwenzake. Sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa vile, na bila utani hata kidogo. Tundu la daftari likaziba lenyewe. Karani akagonga muhuri. "Amezaliwa." Mkunga akapiga vigelegele.

Kule mwisho nikamwona Dakta Kadzo anavua hedifoni, taratibu. Ananitazama. Anafungua mdomo.

Nikaamka.

Saa moja asubuhi, jua dirishani. Nimekunja ngumi, na ndani ya ngumi kuna kitu kidogo kigumu. Nikafungua. Fyuzi. Imelowa.

Simu ikalia, ujumbe. Namba ileile niliyoizuia.

"Bwika, la maharage tutaongea uso kwa uso, na nitapiga kelele, ujiandae. Ila sasa nisaidie upesi, karani amenisimamia hapa na fomu imebaki mstari mmoja. Mtoto tumwite nani?"