Kigae cha Tatu Kutoka Bafuni

Fundi vigae aliyeitwa Pimamaji, kwa kuwa jicho lake lilijua sakafu imelalia upande gani kabla hajatoa kifaa mfukoni, alikaa mbele ya daktari wa mifupa, goti la kulia amelinyoosha kama mtu aliyebeba yai. Wiki moja kabla aliinuka kazini na ndoo ya gundi, kiwiliwili kikageuka kabla ya mguu, na goti likafanya ka! Tangu hapo lilikuwa likikwama lipendavyo. Kwa mtu ambaye miaka ishirini amekula kwa kupiga magoti, hilo si jambo la kuchekea.

Daktari alishika goti la plastiki na kuonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Hili ni gegedu. Linakaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, kama washa kwenye bomba. Lako limechanika pembeni. Kano zote nzima, mshukuru Mungu."

"Sasa tunafanyaje, daktari?"

"Njia mbili. Zote ni kwa matundu madogo na kamera nyembamba kuliko kalamu hii. Ya kwanza, nakata kipande kilichochanika na kukitoa. Wiki chache tu uko kazini. Lakini washa imepungua, fundi. Mifupa itasagana, na kwa kazi yako sitakudanganya, hutafika mbali. Ya pili, nashona. Likishika, goti ni lako mpaka uzeeni. Ila wiki sita ni magongo, na miezi minne hupigi goti hata kwa kusali."

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa amekaa kando yake. Hapo akasogeza kiti.

"Huo mchaniko ukoje, daktari? Umefumuka nyuzinyuzi au ni safi?"

Daktari alimtazama upya. "Safi kabisa. Na uko ukingoni, penye damu. Ndipo panapounga."

"Basi shona."

"Hivi goti ni la nani?" Pimamaji akauliza.

"La kwako. Kelele zake ndizo za kwangu."

Wakacheka wote watatu, kisha daktari akaacha kucheka. "Kushona ni mara moja tu. Likichanika tena, sitapata pa kushikiza uzi. Nitakata."

Pimamaji akakubali, akamwapia mkewe kwamba atatulia. Na nani angemfundisha kungoja? Huyu ndiye aliyewahi kumfukuza mwenye nyumba kutoka sebule yake mwenyewe, eti kakanyaga vigae kabla gundi haijakauka!

Mwezi wa kwanza baada ya kushonwa alijikaza kisabuni. Alitembea kwa magongo ya mbao aliyoazima kwa jirani, moja limelika raba yote ya chini. Mkewe alimwambia mara kumi watafute raba nyingine, naye akasema kesho. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mkewe aliingia bafuni na kufungulia bomba mpaka ndoo inanguruma.

"Mama, unaoga au unaosha meli?" alimpigia kelele kutoka sebuleni.

Mkewe akatoka amenawa uso, akamwekea chai mezani, akaenda zake.

Ndipo Pimamaji akabaki na nyumba, na gongo. Ko, ko, ko, kwenye korido. Kisha, kwenye kigae cha tatu kutoka mlango wa bafu: bo.

Alisimama. Akagonga tena. Bo. Chini palikuwa patupu, gundi haikushika. Na korido ile aliitandika yeye mwenyewe, miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa haraka ya kuhamia. Watu walimwita kutoka mbali aje kugonga sakafu za mafundi wengine na kuwaumbua, kumbe aibu yake inalala kwake! Akajaribu kukiruka. Akajaribu kutumia gongo lenye raba upande ule. Sauti ilikuwa imeshaingia kichwani, haitoki.

Wiki ya tano, mkewe alipoondoka tu, alitoa patasi na mwiko. Alipanga kufanya kazi amekaa, mguu kaunyoosha, na kwa kweli alianza hivyo. Alikwangua saruji ya kwenye maungio, akakibandua kigae, akapaka gundi mpya, akakirudisha na kujaza saruji mpya pembeni. Lakini hakuna fundi anayeukagua mstari akiwa amekaa kitako. Akapiga goti la kushoto. Kisha, kwa nukta moja tu, na la kulia, akainamisha shavu sakafuni kuona kama pamelingana.

Pamelingana. Alipojiinua, goti likafanya ka!

"Niliteleza bafuni," alimwambia mkewe, na kwa daktari akasema hivyohivyo. Daktari hakubishana naye. Alikata, akatoa, akamwambia ukweli bila kutia chumvi: atatembea, atapanda ngazi, lakini kushinda amepiga magoti, asahau. Unga ulikuwa umemwagika.

Jumamosi aliyorudi nyumbani, mkewe alikuwa akipiga deki korido. Fagio la maji likasimama.

"Uliteleza wapi?"

"Si nimekwambia, bafuni."

"Hapa saruji ni nyeupe pe. Kwingine kote imeshafubaa."

Pimamaji alitazama ukuta. "Kilikuwa kitupu chini," alisema. "Kila nikipita nasikia."

"Eh, una masikio." Hakupaza sauti. "Wiki tano nimelia humo ndani kila asubuhi, hatua tatu kutoka kwenye kigae chako. Mimi ndiye niliyesema ashone. Nilijua lisiposhika utasema ni mimi niliyekuponza. Hilo hukulisikia hata siku moja."

Akaendelea kupiga deki, akakizunguka kile kigae, akakiacha kikavu.

Kesho yake mkewe aliingia bafuni kama kawaida. Bomba likafunguliwa mpaka mwisho. Pimamaji aliinuka na magongo, ambayo sasa yalikuwa na raba mpya, mkewe kazitafuta mwenyewe, akaenda bila sauti mpaka kwenye kigae cha tatu. Kilikuwa imara chini ya mguu wake. Alitega sikio. Chini ya mngurumo wa ndoo akamsikia, na akajua ya kwamba sauti ile ilikuwepo siku zote.

Akagonga mlango kwa vidole vilevile alivyogongea sakafu za watu.

"Mama. Si wewe. Nilipiga goti mwenyewe. Nisamehe."

Maji hayakufungwa. Angependa mlango ukifunguliwa mkewe amkute amepiga magoti, na hilo ndilo asiloliweza tena. Akabaki amesimama, anangoja.