Wodi Iliyokwenda Kwenye Usalama

Nesi Mwanaima alikuwa akichemsha mikasi kwenye jiko la gesi la zahanati, kule Mkongani, redio iliposema kwamba benki kuu ya wenye sarafu ya dola imepandisha riba. Mtangazaji aliongeza kwamba kuna vita vinanukia mahali fulani, na kwamba matajiri wa dunia wameingiwa na hofu, wanatoa fedha zao katika nchi kama hii na kuzipeleka kwenye usalama. Mwanaima alipunguza sauti. Jumwa alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na nesi alitaka kuusikia moyo wa mtoto.

"Unapiga vizuri," akasema. "Jikaze, mwanangu."

Wodi ya uzazi waliyokuwamo ilijengwa kwa fedha ambazo serikali ilikopa kwa matajiri hao hao. Kabla yake wanawake walijifungulia nyumbani, au juu ya pikipiki, njiani kwenda Kwale mjini.

Adhuhuri paa likaanza kuondoka. Misumari ilichomoka kwanza, kisha mabati yakapaa moja moja, bila kelele nyingi, kuelekea kaskazini. Fondo, mumewe Jumwa, aliyekuwa ameketi nje, aliinamisha kichwa kulipisha bati moja.

"Dada, paa linakwenda."

"Nimeona. Lete leso tumkinge na jua."

Baada ya mabati yalifuata matofali. Kitanda kilipoanza kutikisika, walimshusha Jumwa wakamlaza mkekani. Mikasi ilibaki, kwa sababu Mwanaima aliinunua kwa mshahara wake.

Mtoto alizaliwa pale uwanjani, wa kike, amelegea, pumzi zikimpaa. Mwanaima alinyoosha mkono kuchukua mashine ya oksijeni. Ilikuwa imeshafika usawa wa kiuno na inapanda. Fondo akairukia, akaikumbatia, ikamnyanyua naye mpaka juu ya mikorosho.

"Ngoja kidogo!" alikuwa akipiga kelele. "Apumue kwanza, kisha uende zako!"

Mashine haikungoja. Mpira wake ulimkatikia mkononi, naye akaanguka kwenye shamba la muhogo. Mwanaima alimpulizia mtoto kwa kinywa chake mwenyewe, akapuliza mpaka midomo ikamfa ganzi. Jumwa ndiye aliyemwambia aache.

Walimpa mtoto jina la bibi yake, Mbodze, wakamzika jioni ile ile.

Wiki iliyofuata akaja afisa wa serikali kutoka Nairobi, aitwaye Samuel. Aliutazama msingi uliobaki, akapiga picha.

"Poleni sana," akasema. "Lakini haya ni mambo ya masoko ya ng'ambo. Wawekezaji wakiogopa, fedha inakimbia. Sisi tungefanya nini?"

"Huko kwenye usalama ilikokwenda mashine," Fondo akamwuliza, "kuna mtoto aliyekuwa akikosa pumzi?"

Samuel alifikiri. "Hapana. Huko kuna usalama tu."

Fondo alimshika ukosi wa shati. Mwanaima akawaachanisha, ingawa hakufanya haraka.

Vita havikutokea. Matajiri wakatulia, na siku moja asubuhi wodi ikarudi, matofali yakajipanga, mabati yakalala mahali pake, na mashine ya oksijeni ikatua. Samuel alirudi pia. Alieleza kwamba wawekezaji wamekubali kukopesha tena, ila kwa riba kubwa zaidi, kwa kuwa nchi hii imeonekana kuwa ya hatari. Kwa hiyo kuanzia sasa kila mjamzito atalipa mlangoni.

Jumwa alikuwa amekuja kuchukua leso zake. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu amekufa," akasema, "na hatari ni sisi?"

"Ndivyo masoko yanavyotuona, mama."

"Basi yaambie yana laana yangu."

Samuel alisema hakuna njia ya kufikisha ujumbe huo.

Siku ile ile Fondo alifunga mashine ya oksijeni kwenye kisiki cha mkorosho kwa kamba ya ng'ombe. Watu waliona ni jambo la maana. Siku hizi mwanamke anayekwenda kujifungua Mkongani hubeba leso, wembe na kamba yake mwenyewe, na mumewe huifunga mashine kabla hata ya kusalimia.

Mwezi uliopita riba ilipanda tena. Kamba zote zilikatika.