Kamba za Viatu vya Des

Anayepiga ngoma nyuma ya kinanda cha Des Ackroyd hamwangalii usoni. Anauangalia mkono wake wa kushoto, maana huo ndio besi yetu, ile sauti nzito ya chini. Tuko watatu tu: Des na kinanda, Ronnie na gitaa, na mimi Clive. Mpiga besi hatujawahi kuwa naye kwa miaka arobaini na moja. Des husema mpiga kinanda anayekuja na mpiga besi ni sawa na bwana harusi anayekwenda fungate na mama yake.

Jumapili ile mchana, katika baa yetu pale Stockport, nilikuwa nimemleta mpiga besi kwa siri.

Msinilaumu mapema. Kiharusi kilimpata Des mwezi wa pili, kidogo tu, kwa maneno yake mwenyewe. Jumatano nilikutana na mkewe, Maureen, dukani, akanivuta pembeni.

"Clive, wiki hii ameshaangusha vikombe viwili vya chai. Mkono wa kushoto anauficha mfukoni, anadhani mimi kipofu. Na ameapa, onyesho la Jumapili likienda vibaya, Jumatatu kinanda kinauzwa."

Kinanda kikiuzwa, Des hamalizi mwaka. Sikuhitaji daktari wa kuniambia. Alhamisi nikampigia simu Gareth, fundi bomba anayepiga gitaa la besi. Tukaelewana akae meza ya mbele, gitaa lake liwe nyuma ya pazia, limeshaunganishwa. Nikiinua fimbo yangu ya ngoma, ya kushoto, juu ya kichwa, apande jukwaani. Alikubali upesi mno, hata hakuuliza kwa nini.

Baa ilifurika. Watu walitoka Wigan, walitoka Leeds, wakakaa na sahani zao za nyama ya kuoka wakibishana nani alianza kumpenda Des kabla ya nani.

"Mimi nilimsikia mwaka sitini na sita," alisema Harold. "Nilirudi nyumbani nikashindwa kulala."

"Sitini na sita ulikuwa bado unalala na mdoli, Harold!"

Des akaingia, shati limepigwa pasi, mkono wa kushoto mfukoni. Kamba za viatu vyake zilikuwa zinaburutika sakafuni. Nikasema moyoni, Mungu wangu, hata kufunga viatu hawezi.

"Clive, mbona una sura ya mtu aliyeitwa polisi?"

"Tumbo tu, Des."

"Basi usinikimbizie mwendo kwa ajili ya tumbo lako."

Akawasha kinanda kama siku zote: swichi ya kwanza akaishikilia akihesabu mpaka nane, kisha ya pili. Zote kwa mkono wa kulia. Fimbo zilikuwa zinaniteleza kwa jasho.

Tulianza na wimbo wa bluzi wa polepole, na kwa dakika tano nilisahau hofu. Mkono wa kulia ulikuwa uleule. Des ana tabia ya kushika noti moja na kuing'ang'ania mpaka unatamani kumwomba aiachie, na akiiachia unataka airudie. Hicho ndicho kilichowatoa watu Leeds. Mkono wa kushoto ulitembea chini yake, mzito kidogo, lakini ulitembea.

Wimbo wa pili ulikuwa wa kasi. Mzunguko wa tatu vidole viliruka noti, vikaruka tena, kisha mkono wote ukateleza ukaangukia mapajani. Besi ikakatika. Ronnie aligeuka akaniangalia, amekuwa mweupe kama karatasi. Mimi nikainua fimbo.

Gareth hajamaliza hata kuvaa mkanda wa gitaa, besi ikarudi. Nene, ya chini kabisa, nikaisikia kwenye makalio. Nikaangalia mkono: bado uko mapajani. Nikainama. Des alikuwa amevirusha viatu kando, yuko na soksi zake za kijivu, na miguu yote miwili inatembea juu ya pedali, vile vibao vya noti za besi vilivyo chini ya kinanda, kisigino na kidole, kama alivyofundishwa utotoni kanisani kwa Wamethodisti. Miaka yote hiyo mimi nilimjua akizigusa tu, kuongeza uzito. Wa meza za mbele walisimama, uma mikononi. Harold alikuwa analia wazi wazi.

Na Gareth amesimama jukwaani, gitaa shingoni. Des akamwona. Kisha akaiona fimbo yangu, bado iko hewani.

"Shuka, Gareth," alisema bila kugomba. "Hapa pana mtu."

Afadhali angegomba. Niliumaliza wimbo ule nikitamani sakafu inimeze.

Mapumzikoni hakuondoka kwenye kiti. "Clive, njoo unifunge viatu. Nataka kwenda msalani. Kufungua naweza, kufunga ndiko kumenishinda."

Nikapiga magoti mbele ya baa nzima.

"Des, nisamehe. Nilimwita Alhamisi."

"Mimi nilimwita Jumanne."

Nikainua uso.

"Nilimwambia, Clive akikuita jukwaani, panda. Mimi mwenyewe nisingeweza kumpandisha mbele ya watu hata nife." Akakohoa. "Kaza, isije ikafunguka ngazini."

Nikakaza. Mguu wake ulikuwa mzito ndani ya mikono yangu, na fundo likanichukua mara tatu.