Alama Nyekundu ya Baba Mdogo

Baba mdogo Sedekia alisema kaseti ya bibi haitapigwa. Alisema hivyo huku akipangusa vumbi kwenye amplifaya, mbele ya rafiki yake Mika, na mimi nikatazama viatu vyangu kama kawaida yangu.

"Mama amezeeka, sauti imemwisha," alisema. "Wakwe watasikia santuri inanguruma, halafu mama analia kama nzi ndani ya chupa. Wamcheke?"

Alasiri ile tulikuwa tunamuaga dada yangu Evarista, anaolewa. Kaseti niliirekodi mwenyewe Iringa wiki iliyotangulia, kando ya kitanda cha bibi Rozalia, ambaye miguu yake haikuweza tena kupanda basi hadi Mbeya. Alinishika mkono akasema, "Mpelekee maneno yangu. Mimi ndiye niliyemlea." Nilimwahidi.

"Sauti ya bibi haijaisha, baba," nilisema. "Deki ya kaseti inatoa sauti ndogo kuliko mashine ya santuri. Ni vyombo, si bibi."

Alinionyesha kwa kidole kile kitufe kikubwa cha kuzungusha, cha sauti. Kando yake kulikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha ya mama mdogo. Baba mdogo alikuwa fundi wa injini za treni, na kwao kazini mshale wa geji ukifika kwenye nyekundu, watu hawaulizi, wanazima. Siku aliyoleta vyombo nyumbani alipiga santuri, akaongeza sauti mpaka spika zikakoroma, akarudisha kidogo, akaweka alama. Tangu hapo hakuna aliyewahi kuipita.

"Nyekundu ni nyekundu," alisema. "Spika zikipasuka, chuo chako kitazishona?"

Mika akacheka. "Sedekia, sijawahi kuona treni inapinduka sebuleni."

Nilisoma ufundi wa redio miaka miwili, msichana peke yangu darasani, na huko pia nilikuwa mtu wa kunyamaza. Nikatoa bisibisi kwenye mkoba.

"Weka chini hiyo."

"Hapana, baba."

Sijui nani alishtuka zaidi, yeye au mimi. Niligeuza amplifaya. Nyuma yake kulikuwa na skrubu mbili ndogo za kurekebishia sauti inayoingia, moja ya santuri, moja ya kaseti. Zote zilikuwa zimefunguliwa mpaka mwisho. Nikawasha santuri na kaseti kwa pamoja, kisha nikawa nahamisha swichi: santuri, bibi, santuri, bibi. Kila mara nilipunguza ya santuri kidogo, mpaka sikio halikusikia tena tofauti.

"Umeiua santuri yangu," baba mdogo alisema. Kweli, sasa vyote viwili vilikuwa vinanong'ona.

"Geji yenu inapima presha iliyomo ndani ya bomba," nilisema. "Kitufe hiki hakipimi kitu. Ni koki tu. Maji yanayoingia yamepungua, kwa hiyo naifungua zaidi."

"Usiipite, Apolonia."

Niliipita. Niliipita nukta kwa upana wa vidole viwili, yeye akiwa ameziba masikio. Spika hazikukoroma. Santuri ilisikika kama zamani, na nilipohamisha swichi, bibi akakohoa kana kwamba yuko mlangoni.

"Lo, mama mzima huyo," Mika alisema.

Baba mdogo alitoka nje kupanga viti.

Saa kumi wakwe waliketi. Santuri mbili zikapigwa, kisha nikahamisha swichi bila kugusa kitu kingine. "Kamwene, mwanangu Evarista," bibi alimsalimu kwa Kihehe, na wakwe wakageukia spika. Alisimulia jinsi alivyombeba mgongoni kwenye mvua mpaka zahanati. Akamwambia bwana harusi kwamba binti huyu hapigwi, na asiyeliweza hilo aseme leo. Bwana harusi akaitikia, "Ndiyo, bibi," kama vile bibi anamsikia.

Ndipo nikaona mkono wa baba mdogo unaelekea kwenye kitufe. Nikatangulia kukishika.

"Nilitaka kumwongezea mama sauti," alininong'oneza. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Hapo panatosha, baba," nilisema, na sikuondoa mkono.